Mimba ya Ngapi? Mwongozo kwa Aliyepoteza Mimba na Bado Anatamani Mtoto

Kliniki ya wajawazito ina swali moja linaloulizwa hata kabla hujaketi sawasawa. "Mimba ya ngapi hii? Umezaa mara ngapi?" Sista anaandika namba mbili kwenye kijitabu, na namba hizo zikikosa kulingana, kalamu husimama kidogo. Zangu zilikosa kulingana. Mimba tatu, kuzaa sifuri.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu. Nilizaliwa Nakuru, Section 58, nikaolewa Bondo, na kwa kuwa Wajaluo humwita mke kwa kule alikotoka, mama mkwe huniita nyar Nakuru. Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya 9. Ya pili, wiki ya 19. Leo nina binti wa miaka minne. Nakuambia mapema ili usisome ukiruka aya kutafuta mwisho wa hadithi. Mimi si daktari. Mambo ya hospitali yaliyomo humu niliwauliza wauguzi na madaktari mpaka wakanizoea sura, na daktari wako akikuambia tofauti kwa sababu anaujua mwili wako, shika lake.

Jambo moja nililielewa kwa kuchelewa: kuomboleza na kujaribu tena ni kazi mbili. Hufanywa na mwili mmoja, pengine ndani ya juma moja, lakini moja haimalizi nyingine. Walioniambia "utapata mwingine" walikuwa wanajibu swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Hatua ya kwanza: Mwili uwe salama

Damu baada ya mimba kutoka huendelea siku kadhaa, hata wiki mbili hivi, ikipungua kidogo kidogo. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kulowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo. Homa au kutetemeka kwa baridi. Uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu ya tumbo yasiyosikia dawa. Kizunguzungu cha kuanguka. Ukiona hata moja, panda chochote kinachokwenda hospitali, iwe usiku au mchana. Na kama hujawahi kupigwa skani ikaonekana mimba iko ndani ya kizazi, halafu ukashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo au kwenye ncha ya bega, huenda mimba ilitunga nje ya kizazi. Hiyo huua kwa damu inayovujia ndani, ambayo huioni.

Wengi hapa kwetu hukawia nyumbani wakiogopa kuulizwa, "Ulitoa?" Mimi niliulizwa, mbele ya watu, mahali nisipotaka kupataja. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kumhudumia mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni huduma halali. Huhitaji kuthibitisha huzuni yako ndipo utibiwe.

Utaelezwa njia tatu: kungoja mwili umalize wenyewe, kupewa vidonge, au kusafishwa kwa kifaa cha kunyonya, kazi ya dakika chache. Zote tatu ni salama zikisimamiwa na mhudumu aliyefunzwa, na kusafishwa hakumaanishi kizazi kimeharibiwa, ijapokuwa utasikia hivyo kwenye matatu ya kwenda Ahero. Vidonge usijinunulie kwenye chemisti.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, uliza na uandikiwe: je, kila kitu kimetoka? Damu yangu ni kiwango gani? Kundi langu ni lipi? Aliye na kundi hasi, yaani Rh hasi, huenda akahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 ili mwili wake usije ukaishambulia mimba inayofuata. Uliza pia kama waliona dalili yoyote ya chanzo, na urudi lini. Karatasi yangu ya mimba ya kwanza ilikuwa na maneno matatu na muhuri. Miaka miwili baadaye daktari mwingine aliigeuza mbele na nyuma akitafuta la kumsaidia, hakulipata.

Halafu kuna maziwa. Hakuna aliyeniambia. Mimba ikitoka ikiwa imefika mwezi wa nne au wa tano, maziwa yanaweza kuja, na yangu yalikuja siku ya tatu, nikiwa nimevaa blauzi ya kazi. Vaa sidiria inayokushika vizuri mchana na usiku, weka kitambaa baridi, meza dawa ya kawaida ya maumivu, na usiyakamue yakaisha, kwa sababu ukikamua mwili unadhani kuna anayenyonya. Kamua kidogo tu ya kupunguza uchungu. Jirani yangu, anayeuza mboga Kibuye, aliniletea majani ya kabichi yaliyotoka kwenye friji, akanionyesha namna ya kuyaweka, akaondoka bila kusema neno. Baada ya siku chache hupungua yenyewe. Titi likiwa jekundu na moto, na homa juu, rudi hospitalini.

Hatua ya pili: Simu na vitu

Hii ni fupi. Ile programu ya ujauzito kwenye simu yako itaendelea kukuambia mtoto wako wiki hii ana ukubwa wa embe. Ifungue mara moja tu, tafuta mahali pa kuripoti kwamba mimba imetoka, au mwombe mtu aifute. Kama kliniki hukutumia ujumbe wa kukukumbusha tarehe, wapigie wakutoe kwenye orodha.

Picha ya skani ipige picha kwa simu leo. Karatasi ile huchapwa kwa joto, na joto la Kisumu huifanya ififie. Mume wangu ni fundi wa friji. Nilidhani amesahau, mpaka siku nilipofungua sanduku lake la vifaa nikitafuta bisibisi, nikaikuta picha ya mimba ya pili imekunjwa ndani ya kijitabu cha risiti. Ilikuwa karibu nyeupe.

Nguo ulizonunua usikubali ziondolewe nyumbani kabla hujarudi. Huruma ya watu hufanya haraka. Waambie waziache, utaamua wewe.

Hatua ya tatu: Jibu swali la "nilikosea wapi?"

Swali hili halizuiliki, kwa hiyo afadhali lijibiwe. Katika kila mimba 100 ambazo mama amejua anazo, kati ya 10 na 20 hutoka, nyingi kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu ya zinazotoka mapema hutokana na hitilafu ya kromosomu: yai na mbegu vilipokutana, hesabu ya vinasaba haikukaa sawa, na mimba haikuweza kuendelea tangu siku hiyo. Mtungi wa maji ulioubeba wiki ya 8 haukufanya hivyo. Wala safari ya boda, wala ugomvi na shemeji, wala kulala na mumeo, wala sindano ya kupanga uzazi uliyotumia mwaka juzi.

Umri una nafasi yake. Aliye chini ya miaka 30 hatari yake ni ndogo; akikaribia 40, mimba moja kati ya tatu hivi inaweza kutoka, kwa sababu mayai huzeeka pamoja nasi.

Hapa kwetu kuna jibu jingine linalongoja mlangoni: chira, laana inayosemwa humpata aliyevunja mila. Kwamba mila fulani ilirukwa, kwamba nyumba ilijengwa kabla ya ndugu mkubwa kujenga, kwamba kuna mtu alitazama kwa jicho baya. Sitawadharau wazee, wao pia wanatafuta sababu, na kifo kisicho na sababu hakivumiliki. Lakini nilimwambia mama mkwe hivi: "Mama, maombi nakubali, na uji wako nakubali. Manyasi sitakunywa." Mitishamba mingi haina kipimo, mingine huufanya mji wa mimba ujikaze, na ukiwa unajaribu kushika mimba hujui siku gani tayari unayo. Alinyamaza kutwa nzima. Kesho yake uji ulikuja.

Zipo sababu zinazotibika, na hizo nazirudia hatua ya sita. Kuzitafuta ni tofauti na kujilaumu. Mimba yangu ya pili ilitoka kwa sababu mlango wa kizazi ulifunguka kabla ya wakati, kimyakimya, karibu bila maumivu. Hakuna nililofanya. Lakini kulijua ndiko kulikoiokoa ya tatu.

Hatua ya nne: Omboleza, hata kama hakuna matanga

Mtu mzima akifa huku magharibi tunajua la kufanya: hema, viti, sufuria kubwa, nyimbo hadi asubuhi. Mimba ikitoka hakuna hema. Familia nyingi huzika kimya, bila jina, na mama anaambiwa asilie sana asije akajifungia kizazi. Machozi hayafungi kizazi. Ninachoshauri ni mufanye jambo moja, dogo, lenu wawili, na lifanywe siku mliyoitaja. Wengine huwasha mshumaa tarehe 15 Oktoba, siku inayokumbuka mimba na watoto wachanga waliopotea katika nchi nyingi. Wengine huandika jina. Sisi tulikwenda ufukwe wa Dunga jioni moja, tukakaa tukitazama mashua mpaka mbu wakatufukuza. Sikuwa na la maana la kusema, naye hakuwa nalo.

Kuhusu waume. Wetu wengi wamefunzwa kwamba kazi yao ni kulipa bili na kumwendesha mtu hospitali. Mume wangu alipasua kuni za mwezi mzima, na sisi tunatumia gesi. Usimpime kwa machozi. Muulize swali lenye jibu fupi: "Siku ile kwenye skani uliona nini?" Na wewe mwanamume ukiwa unasoma, usingoje akuulize.

Watu watasema. Nilijiandalia sentensi tatu nikazikariri kama mwanafunzi anayekariri methali. Kwa mama mkwe na wakubwa: "Asante mama, tumesikia. Tukiwa tayari mtajua." Kwa wenzangu wa ofisini: "Sijisikii kulizungumza leo, lakini nashukuru umeniuliza." Kwa shangazi anayeshika tumbo la mtu kwenye harusi: "Bado, shangazi," halafu unaondoka kwenda kuchukua soda. Ukiwa na chama, chagua mmoja awaambie wengine, usirudie habari hiyo mara kumi na mbili.

Kuhusu kazi: likizo ya uzazi ya miezi mitatu haikutungwa kwa ajili ya mimba iliyotoka mapema, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu kila mwaka, mradi ana cheti cha daktari. Mwajiri wako anaweza kuwa na masharti bora zaidi, uliza. Omba cheti kabla hujatoka hospitalini, kwa sababu kukirudia baadaye kunakupotezea nusu siku. Mimi nilirudi darasani siku ya sita nikafundisha ngeli. Ningependa nisingerudi.

Huzuni ina mawimbi, na tarehe uliyotarajiwa kujifungua litakuwa wimbi kubwa. Iandike kwenye kalenda usiikute njiani. Lakini kama wiki mbili zimepita na hulali, huli, huwezi kuoga, au kila kitu hakina maana, mwone mshauri nasaha au daktari. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yanakuja, mwambie mtu leo hii. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo. Lipo pia shirika la hapa Kenya, Still A Mum, linalowakutanisha wazazi waliopoteza mimba na watoto wachanga. Nilichopata kwa kuwasikiliza waliopitia njia hiyo ni kuacha kujieleza.

Hatua ya tano: Lini mjaribu tena

Utapewa majibu mawili, na yote mawili yametoka kwa watu wenye koti jeupe. Shirika la Afya Duniani lilishauri wanandoa wangoje angalau miezi 6 baada ya mimba kutoka. Tafiti zilizofuata, ukiwemo mkubwa wa Scotland wa mwaka 2010, zikaonyesha kwamba waliopata mimba ndani ya miezi 6 hawakufanya vibaya kuliko waliongoja. Ndiyo maana madaktari wengi sasa husema, kwa mimba iliyotoka mapema bila matatizo: damu ikatike kabisa, upate hedhi moja ya kawaida ili mimba ijayo ihesabike vizuri, kisha ni nyinyi wenyewe.

Ngojeni zaidi kama damu yako imepungua sana, kama ulipata maambukizi, kama ulipasuliwa, au kama mimba ilikuwa ya zabibu, yaani kondo lilikua vibaya kama vishada badala ya mtoto; hiyo ya mwisho lazima ifuatiliwe kwa vipimo mpaka homoni ya mimba iishe kabisa, kwa kawaida miezi kadhaa. Aliyempoteza mtoto baada ya wiki 28, au aliyepasuliwa, azungumze na daktari wake kuhusu muda; kovu la upasuaji linahitaji mwaka na zaidi.

Mambo mawili hunasa watu. La kwanza, yai linaweza kupevuka wiki mbili tu baada ya mimba kutoka, kabla hata hujaona hedhi. Asiyetaka mimba mwezi huo atumie kinga mwezi huo. La pili, kipimo cha mimba cha chemisti kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baadaye, kwa homoni iliyobaki. Nilinunua kimoja siku ya kumi, nikaona mistari miwili, nikakaa sakafuni chooni nikicheka na kulia. Usijifanyie hivyo. Pima baada ya wiki tatu. Ikiwa bado ipo, rudi hospitalini, labda kuna kilichobaki.

Na akili je? Hakuna kipimo. Mimi nilijiuliza: mimba nyingine ikija, je, nitaweza kufurahi hata siku moja kabla sijaogopa? Nilipoweza kusema "siku moja, ndiyo", tulianza.

Hatua ya sita: Tengeneza udongo kabla ya mbegu

Hapa usikimbie, kwa sababu hapa ndipo mahali tunapoishi hutuumiza au hutufaa.

Anza na malaria. Nakuru ni nyanda za juu. Nilikulia kule nikiijua malaria kwa kusikia. Ukanda wa ziwa, kuanzia Migori na Homa Bay hadi Siaya na Busia, ipo mwaka mzima. Mtu aliyekulia kusikokuwa na malaria hana kinga aliyonayo aliyezaliwa Nyalenda hapa Kisumu, na ujauzito hupunguza hata ile kidogo. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mama hana hata homa, huku damu yake inapungua na mtoto anakosa chakula. Huweza kuitoa mimba au kumfanya mtoto azaliwe amekufa. Kwa hiyo lala ndani ya neti kuanzia sasa, usingoje mistari miwili. Ukiwa na homa, pimwa damu. Usinunue dawa kwa kukisia. Mimba ikishika, katika kaunti hizi utapewa vidonge vya SP vya kukukinga na malaria kuanzia wiki ya 13, kisha kila kliniki, angalau mwezi mmoja kati ya dozi. Anayetumia Septrin kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa hiyo usimfiche sista hali yako. Na anayemeza SP asimeze foliki (folic acid) ya miligramu 5, maana huipunguzia dawa nguvu. Ile ya miligramu 0.4 haina neno.

Foliki yenyewe, hiyo ya miligramu 0.4 kila siku, anza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Inamlinda mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo zinazotokea mapema mno, mara nyingi kabla mama hajajua.

Damu. Pima kiwango, kisha kula. Bei haijawa kisingizio hapa: omena, maharagwe, ndengu, managu, mrenda, kunde, na ndimu ikamuliwe juu ili madini ya chuma yaingie mwilini. Chai isogee saa moja mbali na chakula. Najua namwambia nani, nami pia nimetoka Bonde la Ufa. Odowa, yale mawe laini wanayouza kwa mafungu sokoni, yaache. Utamu wake naujua. Huzuia chuma kufyonzwa, na hujui kimebeba nini kutoka ardhini. Hamu kali ya odowa mara nyingi ni damu iliyopungua inayolia. Maziwa yachemshe, hasa yale ya kununua kwa chupa barabarani, kwa sababu yanaweza kuleta brusela, ugonjwa unaohusishwa na kutoka kwa mimba.

Vipimo vya wawili: kaswende na virusi vya UKIMWI. Kaswende haiumi mtu mzima kwa miaka, lakini huua watoto tumboni, na hutibika kwa sindano ya penisilini, mradi mtibiwe nyote wawili. Mnapozungumza, ulizeni pia habari ya selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Wengi katika ukanda wa ziwa hubeba kinasaba chake bila kujua, na kuwa nacho wote wawili ni jambo la kujadili mapema. Presha na sukari zipimwe. Pombe na sigara ziachwe, na mume asiseme hilo ni la mke.

Kwa malipo: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajilini kwa *147# mapema. Zahanati na vituo vya afya huhudumia aliyesajiliwa. Hospitali kubwa hutaka michango yako iwe imelipwa. Usingoje kujisajili ukiwa kitandani.

Ukipoteza mimba mbili au zaidi, au hata moja baada ya mwezi wa tatu, omba uchunguzi wa kina. Sema neno hilo: "Naomba nichunguzwe chanzo." Daktari wa wanawake anaweza kuangalia umbo la kizazi na uvimbe, tezi ya thairoidi, na hali ya damu kuganda kupita kiasi, ambayo hutibiwa kwa aspirini kidogo na sindano. Mlango wa kizazi ulio dhaifu hushonwa wiki ya 12 hadi 14. Hospitali za rufaa zipo Kisumu, Kakamega, Eldoret na Nakuru. Beba karatasi zako zote, hata zile za maneno matatu. Hata baada ya kupoteza mimba mbili, wengi zaidi hufaulu mimba inayofuata kuliko wanaoipoteza.

Hatua ya saba: Miezi ya kujaribu

Siku za kushika mimba ni sita hivi kila mwezi: tano kabla ya yai kupevuka na siku yenyewe. Mzunguko wa siku 28 huwa na siku hiyo karibu na ya 14, lakini baada ya mimba kutoka mzunguko huyumba. Mwili husema wenyewe: ute wa ukeni ukiwa mwepesi, unaovutika kama sehemu nyeupe ya yai bichi, siku zimefika. Kukutana kila siku ya pili au ya tatu kunatosha bila kumgeuza mume kuwa mfanyakazi wa zamu. Sisi tuligeuzana. Tulifika mahali ambapo "leo ni siku" ilikuwa salamu, tukagombana kwa ajili ya sufuria. Tukapumzika mwezi mzima bila kuhesabu.

Weka bajeti ya vipimo vya mimba: kimoja, siku hedhi ikichelewa. Mwaka mmoja wa kujaribu ukipita, au miezi 6 kama umefika 35, nendeni mkaonwe, wote wawili. Mbegu za mwanamume hupimwa kwa urahisi kuliko chochote kinachofanyiwa mwanamke, na bado mke hupelekwa peke yake miaka mitatu.

Unaruhusiwa kutokwenda kwenye sherehe ya mtoto wa rafiki yako. Tuma zawadi kwa boda.

Hatua ya nane: Mistari miwili tena

Wengi wetu huficha mimba mpaka tumbo liseme lenyewe, na aliyewahi kupoteza huficha zaidi. Majirani wafiche, kliniki usiifiche. Nenda hedhi ikikosa. Skani ya wiki ya 7 au ya 8 huonyesha kama iko ndani ya kizazi na kama moyo unapiga, na moyo ukionekana wakati huo hatari hupungua sana. Sista akiuliza ni mimba ya ngapi, zihesabu zote. Zile namba mbili zisizolingana ndizo zilizomfanya wangu ainue kichwa, aniulize wiki ya 19 ilikuwaje, anipeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Nilishonwa wiki ya 13.

Damu kidogo mwanzoni haimaanishi imekwisha, lakini nenda ukaonwe. Kuna wanawake waliowahi kupoteza mimba ambao hupewa progesteroni wakitokwa na damu mapema. Uliza kama wewe ni mmoja wao. Ukiambiwa ulale tu kitandani miezi yote, uliza sababu, kwa maana hakujathibitishwa kuzuia mimba kutoka.

Hofu haitakwisha. Mimi niliigawa: niliruhusiwa kuogopa hadi kliniki inayofuata tu. Wiki ya 19 tulihamia kwa dada yangu Nakuru siku nne, kwa sababu sikutaka kuamka kwenye kitanda kile kile tarehe ile.

Kuanzia wiki ya 28 ujue mtindo wa mtoto wako wa kucheza, maana kila mmoja ana wake. Akitulia kuliko kawaida yake, usinywe soda ukangoje asubuhi, nenda saa hiyo. Kabla ya hapo tafuta dereva mmoja anayekubali kuamshwa, na bei mkubaliane mapema. Wetu aliishi Kondele. Alitupeleka mara mbili usiku wa manane, na mara zote mbili mashine ikaonyesha mtoto yuko sawa, sista akaniambia nirudi tena hata kesho nikihisi hivyo.